Nyegere kamng'ata mdogo wangu kwenye mizinga, tufanyeje?

Swali: "Shikamoo bwana mifugo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo kwenye kikundi cha akina mama wafuga nyuki huku upande wa Mayamaya, chini ya milima ya Chenene, tuna mizinga 38, tumeipanga kwenye panda za miti. Juzi jioni mimi na mdogo wangu wa kiume tulienda kuangalia mizinga tukakuta mmoja umedondoka na nyegere yupo juu yake anakula. Hakukimbia. Alinguruma akatujia, mbwa wetu akaingilia akang'atwa puani, na mdogo wangu kang'atwa kwenye kigimbi, ila kidonda ni kidogo sana, vitobo viwili na mkwaruzo. Bibi kaweka majivu, kimekauka. Je, nyegere ana sumu? Ni kweli huwa anatafuta sehemu za siri za mwanaume? Wenzangu wanataka tupake sumu kwenye masega tummalize. Mimi naogopa. Naomba ushauri wako."

Marahaba mwanangu. Meseji niliyokutumia alfajiri ilikuwa na maneno matatu tu, mpeleke hospitali leo, na umenijibu kwamba mmeshapanda bodaboda, kwahiyo sasa nina utulivu wa kukueleza kwanini nilikuamsha saa kumi na moja kwa ajili ya kitu ambacho bibi anakiona ni mkwaruzo.

Nyegere hana sumu. Meno yake hayana sumu, kucha zake hazina sumu. Ninachokiogopa mimi ni mate. Kichaa cha mbwa tunakiita cha mbwa kwasababu mbwa ndiye anayetuletea karibu siku zote, lakini kirusi chenyewe hakichagui, kinaingia kwa bweha, kwa nguchiro, kwa paka pori, kwa ng'ombe, kwa punda, na kwa nyegere pia kimeshakutwa. Kinakaa kwenye mate, na kinachohitaji ni tobo tu kwenye ngozi. Hata tobo dogo sana linatosha. Kikishaingia kinapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, mara nyingi kinachukua miezi miwili au mitatu, wakati mwingine wiki chache tu, wakati mwingine karibu mwaka, na muda wote huo kidonda kimepona na mtu anakula ugali wake vizuri. Siku dalili zikitokea hakuna dawa. Ndio maana nikasema leo na sio wiki ijayo.

Nikueleze kitu ambacho sijawahi kukisahau. Nilikuwa bwana mifugo kijana, nimepangiwa kata moja upande wa Manyoni, kukawa na mtoto mchunga mbuzi kang'atwa na bweha mchana kweupe, kidoleni, kidonda ukubwa wa punje ya mtama. Baba yake alinionyesha kile kidole wiki ya pili, kimepona kabisa, ngozi mpya imeng'aa, akanishukuru hata kwa kumuuliza. Nilimwambia aende hospitali, ila sikusisitiza ipasavyo, nilisema kama mtu anayetoa ushauri wa kawaida. Mwezi wa tatu nikaitwa usiku. Mtoto anasema mkono unamwashawasha ndani kwa ndani, anaomba maji, kikombe kikisogea mdomoni koo linajikaza anarusha kichwa nyuma, na upepo ukipita mlangoni anashtuka kama kamwagiwa maji ya baridi. Alikuwa na akili timamu, ananiangalia. Alifariki siku ya tatu. Tangu hapo sijawahi kumwambia mtu "ikiwezekana nenda". Namwambia nenda.

Sasa kuhusu kuosha, kwasababu hili ndilo lilitakiwa lifanyike palepale na bado lina faida hata likichelewa. Majivu, ugoro, mafuta ya taa, pilipili, jiwe la nyoka, vyote hivyo toa. Chukua sabuni ya kawaida, hata ya mche ya kufulia, na maji yanayotiririka, osha kidonda dakika 15 kwa saa ya simu. Najua huko kwenu maji ni ya kubebwa na punda, najua dumu la lita 20 lina thamani gani mwezi wa kumi, na najua mtu anavyoona uchungu kulimwagia mguu maji ambayo yangepika siku nzima. Limwage dumu zima. Mmoja anamimina kidogokidogo kwa kata, mwingine anapaka sabuni na kufungua mdomo wa kidonda kwa kidole chenye mfuko wa nailoni ili povu liingie ndani, maji yakatike chini, mnaanza tena. Kirusi hiki kina ganda la mafuta na sabuni inalipasua, kwahiyo hiyo sabuni unayoiona ni ya kufulia ni dawa ya kwanza kabla ya zote. Ukimaliza paka spiriti au ayodini kama ipo. Usikifunge kikabanwa, na usikubali kishonwe haraka.

Hospitalini mwambie mhudumu neno hili waziwazi: kang'atwa na mnyama wa porini, damu ilitoka. Usiseme kaumia porini, ukisema hivyo atapewa panadoli na sindano ya pepopunda mrudi nyumbani. Ya pepopunda anaihitaji kweli, ila anahitaji na chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo haipigwi tumboni siku hizi kama wazee wanavyotisha watu, inapigwa begani. Dozi ya kwanza wanaiita siku ya 0, yani siku anayochomwa na sio siku aliyong'atwa, halafu siku ya 3, siku ya 7, na kuendelea kulingana na utaratibu watakaotumia, mwingine unaishia hapo na mwingine unakwenda mpaka siku ya 14 au 28. Kwa kidonda kilichotoboa ngozi kuna sindano nyingine ya kinga ya haraka inayochomwa pembeni ya kidonda chenyewe, uliza kama ipo, maana chanjo inachukua siku kadhaa mwili kujenga kinga na hiyo ndio inaziba pengo. Hospitali ndogo chanjo inaweza kuwa imeisha. Wakikwambia haipo usirudi nyumbani kusubiri, waombe wapige simu waulize iliko, na mkiambiwa mwende mjini Dodoma, hospitali ya mkoa tunayoiita General, nendeni hukohuko siku ileile. Najua ina gharama, kikundi kichange, huyu alikuwa kwenye mizinga ya kikundi.

Kuna mtu atakuja kukwambia msubiri siku kumi muone kama mnyama atakufa. Hiyo ya siku kumi ni ya mbwa na paka wa nyumbani tu, unaowafunga ukawaangalia. Nyegere yule ameshaondoka zake na kwa mnyama wa porini hesabu hiyo haifanyi kazi hata ungemkamata.

Sasa hapa ndio penye ugumu wa swali lako. Kwa wanyama wengi wadogo wala nyama, ujasiri ndio dalili. Bweha mzima akikuona anakupa mgongo. Bweha anayeingia uani saa sita mchana, anawafuata mbwa badala ya kuwakimbia, anang'ata fimbo, anang'ata gurudumu la baiskeli, taya limelegea na sauti imekwaruza, huyo usibishane naye. Vivyo hivyo kanu au fungo, hao ni wa usiku na ni waoga, ukimkuta mchana anayumba barabarani hana habari na wewe, kaa mbali. Lakini nyegere? Nyegere mzima kabisa, asiye na ugonjwa wowote, anafanya vilevile. Haogopi mbwa, haogopi chui, akibanwa anakuja mbele. Kwahiyo kwa huyu huwezi kusoma afya yake kwa tabia yake, wewe huwezi na mimi pia siwezi, hata nikiwa na miaka yangu yote hii. Kwa maelezo yako naamini kabisa alikuwa mzima na alikuwa anatetea chakula. Na bado nampeleka kijana hospitali.

Niliwahi kumshika mmoja aliyegongwa na gari barabara ya Singida, amekufa, bado wa moto. Nikiwa nimevaa glavu nilishika ngozi ya shingo nikaivuta, ikaja kama shuka, mwili wenyewe umebaki palepale. Hiyo ngozi shingoni ni nene karibu milimita 6 na imelegea, ndio siri yake. Mbwa akimkamata mgongoni anadhani kashika nyegere, kumbe kashika koti, nyegere anageuka ndani ya koti lake na kumng'ata aliyemshika. Ndio maana mbwa wako kaumia puani. Na ndio maana nasema usimkamate kwa mkono hata kama amenaswa kwenye tanzi, hata kama anaonekana amechoka. Kucha za mbele ni ndefu kama vidole vya mtoto, za kuchimbia, na mkiani ana tezi zinazotoa harufu kali sana. Watu wanasema anajambia mzinga nyuki wanalala. Harufu ipo, ila nyuki hawalali, wanamuuma sana na kuna nyegere wamekutwa wamefia kwenye mizinga. Anavumilia kwasababu ya majana. Asali anaipenda, ila anachokitafuta hasa ni yale majana, watoto wa nyuki, ndio nyama yake. Hiyo ndio sababu baada ya yeye kupita mzinga haurudi tena, kundi linakuwa limeuawa kizazi.

Hilo la sehemu za siri. Hiyo hadithi imeenea sana Afrika, wanasema hata nyati dume nyegere humng'ata hukohuko. Mimi sijawahi kuona mtu aliyeumizwa hivyo. Begani nyegere ana urefu wa sentimita 25 mpaka 30, anapokujia mdomo wake unafikia kifundo na kigimbi, kama alivyofikia kwa mdogo wako. Anayeumia juu ya hapo ni aliyeinama, aliyechuchumaa kuchungulia shimo, au aliyeanguka wakati anakimbia. Na wapo wanaosema dume lina wivu na jike lake, hilo nalo si kweli, dume na jike wanakutana na kuachana, jike analea mtoto peke yake, mara nyingi mmoja tu, kwa mwaka na zaidi. Ukikuta nyegere wawili wanaongozana, mara nyingi ni mama na mtoto wake ambaye ameshakuwa karibu saizi yake, na hapo ndipo pa kuogopa zaidi, maana umesimama kati ya mama na mtoto bila kujua.

Mkikutana naye tena fanyeni hivi. Kwanza mkaribie mizinga mkiongea, gongagonga mti kwa fimbo toka mbali, hata imbeni, apate dakika mbili za kuondoka. Mkimkuta, simama, halafu rudi kinyumenyume taratibu uso ukimwangalia, mwachie njia, na uangalie mashimo yako wapi maana huwa analala kwenye mashimo ya muhanga na usije ukawa umesimama mlangoni kwake. Mzinga umeshavunjwa, mwachie. Ninasema hivi nikijua mzinga mmoja mna jasho kiasi gani ndani yake, ila majana yameshaliwa, hakuna unachokwenda kuokoa pale. Usikimbie, usimpige teke. Akija kweli weka kitu kati yako na yeye, ndoo, jembe, koti, fimbo ndefu iliyogusa ardhi, ang'ate hicho. Vaeni gambuti, jino la nyegere likipita kwenye gambuti linafika limechoka. Na mbwa mfungeni kamba au mwacheni nyumbani. Kesi nyingi nilizoletewa zilikuwa na mbwa ndani yake, mbwa anakwenda kumchokoza, anazidiwa, anakimbilia kwa mwenye mbwa, na nyegere anakuja naye.

Wengine wa huko vichakani kwenu niwapitie harakaharaka. Kicheche, yule mweusi mwenye mistari meupe mgongoni, hafiki hata uzito wa kuku mkubwa, atakutishia kwa mkia na kukupulizia harufu, mpishe. Nguchiro wanaotembea kundi wanaweza kukuzunguka wakilia kama umesogelea watoto kwenye kichuguu, ondoka wataacha. Ila nguchiro waliozoea kulishwa makombo kambini au shuleni hao wanang'ata kweli, msiwalishe. Simbamangu na mondo ni nadra kuwaona wakisimama, wanatokea kwenye banda la kuku, ukiingia usifunge mlango nyuma yako, mwachie pa kutokea.

Mbwa wako sasa. Huyu ananitia wasiwasi kuliko hata kijana, kwasababu kijana anapata chanjo na mbwa analala mlangoni na watoto watatu. Kama alichanjwa na una kadi, achanjwe tena leo na afungwe mwangalie mwezi mmoja na nusu. Kama hakuwahi kuchanjwa, mwite afisa mifugo wa kata, na jiandae kusikia maneno magumu, maana mbwa wa namna hiyo ama anaondolewa ama anatengwa peke yake miezi 6, chakula unamsukumia kwa fimbo, mtoto hagusi. Akibadilika tabia, akianza kula mchanga au vijiti, sauti ikibadilika, usisubiri kesho.

Na hapa niwaombe kijiji kizima, sio wewe tu. Kule Lindi na Mtwara, kati ya 2011 na 2019, watafiti walifuatilia kichaa kwa wanyama wakakuta zaidi ya asilimia 40 ya wagonjwa ni bweha. Ungedhani basi ugonjwa ni wa porini na hakuna la kufanya. Lakini walipochanja mbwa wa vijijini ugonjwa ulishuka mpaka kwa bweha wenyewe, maana yake mbwa wetu ndio waliokuwa wanaupeleka porini na kuurudisha. Ukichanja mbwa 7 kati ya 10 kijijini unakata mnyororo. Kila mwaka karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, halmashauri nyingi huwa zinatangaza chanjo, mpelekeni hata yule mbwa asiye na mwenyewe.

Sumu. Hapana, na nakuomba usimame kwenye kikundi useme hapana kwa jina langu kama jina lako halitoshi. Sumu kwenye sega haimjui nyegere. Nyuki wataichukua wairudishe kwenye mizinga yenu 37 iliyobaki, mbwa atakula, kuku watakula, tumbusi atashuka kwenye mzoga na kufa, na mtoto wa mtu akiona sega limelala chini ya mbuyu atalilamba, mtoto gani wa Kigogo anapita sega? Na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inakataza kuua wanyama kwa sumu, mtakamatwa wote mliokubaliana. Kujitetea anapokushambulia ni jambo jingine kabisa, ukifika hapo kajitetee halafu toa taarifa kijijini na kwa maafisa wanyamapori. Na akifa msimchune, najua kuna wanaotafuta ngozi yake kwa dawa, msimguse kwa mikono mitupu na msimponde kichwa, maana maabara inapima ubongo, kichwa kikipondwa hatutajua chochote.

Dawa ya nyegere ni mizinga. Umeniambia mmeipanga kwenye panda za miti kama wazee walivyofanya, na nyegere anapanda mti vizuri tu. Ning'inizeni kwa waya, sio kamba, kwenye tawi, mzinga uwe juu ya ardhi kwa mita moja na nusu hivi na uwe mbali na shina asiweze kuufikia kwa mkono akiwa ameshika mti. Halafu zungusheni bati laini kwenye shina, upana wa mita moja, kucha ziteleze. Angalieni mti wa jirani pia, matawi yakigusana amevuka, kateni. Mifuniko ya mizinga ya kisasa ifungwe kwa waya, ile inayowekewa jiwe juu ni kumkaribisha. Na mkirina asali msiache masega mabovu na makapi ya nta chini ya miti, zikeni mbali au bebeni mrudi nayo, harufu ya siku ile moja anaifuata kwa wiki nzima, na nyegere dume anatembea eneo kubwa sana, huyu wa juzi anaweza kuwa yuko Haneti saa hizi na akarudi mwezi ujao kwasababu anakumbuka alikula wapi.

Bati mbili za zamani zinatosha miti kadhaa, anzeni na miti yenye mizinga iliyojaa. Jumamosi ya wiki ijayo nina safari ya Zanka, nitapita kwenu asubuhi tuzunguke mti mmoja mmoja, mtafute waya na misumari. Kwa sasa chukua kalamu uandike tarehe za sindano za kijana nyuma ya mlango, siku ya 0 ni leo, na ikifika siku ya 3 nitapiga simu kuuliza kama amechomwa.